Mwaka Huu Agosti ni Yangu

Jumatano, 3 Septemba

Sina maneno. Nina hasira tu, na hasira haijazi vyumba.

Leo Teresio Maggiolo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ametundika kalenda mlangoni pake, imefunguliwa ukurasa wa Agosti. Agosti imekwisha! Kila mwenye akili ameshafunua ukurasa. Yeye hafunui, na kisa kinajulikana. Agosti ni nyumba yake: ya njano, mbao za madirisha kijani, bahari miguuni, paka mweupe kizingitini. Paka mwenyewe ni wangu.

Kalenda hii hutundikwa majikoni kote, Torino mpaka Milano. Mtu anakunywa kahawa, nje mvua, anaitazama Agosti, anachukua simu. Mwaka wa sita huu anampigia Teresio. Mimi waliniweka mara moja tu. Februari. Nyumba yangu nyekundu imelowa chapachapa, na pipa la taka mbele. Siku ishirini na nane! Hata mwezi wenyewe wamenipunja.

Na mimi nimetoka wapi? Nilianza na ndoo ya chambo. Nyumba hii ya ghorofa tatu nimeinunua chumba kwa chumba. Teresio yake amezaliwa ndani. Amefungua macho, akaikuta.

Mimi sikurithi kitu. Nasema uongo. Nilirithi kimoja, na kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu nitakiandika: shimo la baba.

Baharini hakuna barabara wala kibao. Mvuvi wa Portavena anajua alipo kwa kutazama nchi kavu. Mnara wa kengele ukikaa sawasawa juu ya kona ya nyumba nyekundu, na jiwe jeupe la rasi ya Corva likigusa kibanda cha forodha, basi uko juu ya shimo letu. Halizidi ukubwa wa kanisa. Ukikosea kidogo unavua mwani. Ukipatia, kuna dentice, samaki mwekundu mwenye meno ya mbwa, mmoja anashibisha ukoo. Kila familia ina shimo lake na alama zake, na alama hazisemwi. Baba alinifundisha zetu ndani ya mashua huku nikitapika. Mimi bahari hainipendi. Kwa hiyo nilimpa shemeji yangu Dria, kaka wa mke wangu, yeye avue, nusu yake nusu yangu, mpaka kufa. Dria hataki mashine za setilaiti. Anasema ukiandika shimo kwenye mashine, mwizi wa mashine kaiba na shimo. Kichwa hakiibwi.

Mpiga picha wa kalenda, Bi Fulvia wa Genova, anakuja Jumapili ya tarehe 14, sikukuu ya Bikira wa Bandari. Siku hiyo kila mashua huleta samaki wake miguuni pa sanamu, na mwenye samaki mkubwa kuliko wote ndiye mwenye chakula cha mchana. Padri anakula kwake. Wageni wa heshima wanakula kwake. Bi Fulvia atakula kwake.

Kwa hiyo vitu viwili: nje nyumba nzuri, ndani samaki mkubwa. Mwaka huu Agosti ni yangu.


Alhamisi, 4 Septemba

Mungu yupo, na anafanya kazi manispaa.

Nilikwenda kulalamika kuhusu pipa la taka. Nikiwa kwenye foleni nikasoma tangazo la rangi. Hapa gatini rangi ya nyumba si ya kujiamulia. Majirani wawili hawaruhusiwi kufanana, na kila rangi ina mwenyewe, kwa miaka kumi, kisha unaiomba upya. Kila mtu anajua. Lakini nani anakumbuka? Nikamwuliza binti wa dirishani, kwa sauti ya mtu asiyetaka kitu, njano ya Maggiolo inaisha lini. Akatazama. Ilikwisha Juni!

Nilishika kaunta. 

Teresio amesahau. Mwenye nyumba ya kuzaliwa nayo! Njano ya Agosti ilikuwa inazurura mjini kama mbuzi asiye na kamba. Nimeifunga kamba. Nimesaini. Njano ni yangu mpaka nife, au miaka kumi, kitakachotangulia.

Njiani nilinunua mkate wa mafuta, focaccia, na kuula wote peke yangu, nikitazama nyumba ya Teresio kwa huruma.


Ijumaa, 5 Septemba

Nimepigwa na butwaa.

Barua ya manispaa imemfikia Teresio asubuhi. Nilikaa barazani kumsubiri na hoja nane nimeziandaa. Nilitegemea matusi. Nilitegemea amtaje mama yangu. Nicla, mke wangu, aliondoa vyungu vya maua dirishani asije akavirusha.

Akaja na chupa ya mvinyo! Akakaa. Akanipongeza. Akasema kweli alisahau, uzee huo, na njano ilikuwa imeanza kumchosha. Halafu akauliza, kwa upole wa mtu anayeomba chumvi:

"Basi ile nyekundu yako, jirani, si umeiacha?"

Nikasema nimeiacha.

"Marehemu mama yangu alikuwa anaipenda nyekundu," akasema.

Hoja zangu nane zimebaki tumboni, zinanisumbua. Mtu anapokubali haraka hivi kuna jambo. Nimefikiri mchana kutwa na sijaliona. Mwisho nimeamua kwamba hakuna jambo, kavunjika moyo tu. Nimemwuzia ndoo mbili za nyekundu nilizokuwa nazo stoo. Bei ya dukani na kidogo juu. Tena tumekubaliana kuchangia mafundi na majukwaa ya kupandia, wapake nyumba zote mbili wiki ijayo, gharama nusu kwa nusu. Anayesema Ampelio Bozzo ana chuki aje aone hesabu hii.

Dria ameondoka leo kwenda Savona. Binti yake kajifungua. Atarudi Jumamosi ya tarehe 13 kwa treni ya mwisho, na alfajiri ya sikukuu ataingia baharini.


Jumatatu, 8 Septemba

Mafundi wamefika. Fundi mkuu anapiga miluzi, na miluzi yake haina mwisho wala mwanzo. Nyumba yangu imekwanguliwa. Inaonekana kama kuku aliyenyonyolewa. Ya Teresio vilevile. Kwa siku moja tumekuwa sawa, mtoto wa mvuvi na mtoto wa mwenye nyumba. Sikupenda hali hiyo. Nimewaambia mafundi waanze na mimi.

Usiku wa kuamkia leo nilijiuliza kama njano yangu iwe kali kuliko ilivyokuwa ya Teresio. Jibu: ndiyo. Niliongeza kopo la rangi ya machungwa kwenye kila ndoo. Sheria inasema njano. Haisemi njano ya namna gani.

Chakula cha mchana Nicla akaniuliza kama Dria anajua tunapaka nyumba. Nikamwambia Dria anajua yote anayohitaji kujua. Yeye ni mvuvi, si mpaka rangi. Nicla akaridhika, akaenda kukoroga mchuzi wake wa mrehani. Mke mzuri ni yule anayeridhika.


Jumatano, 10 Septemba

Sijapata kuona!

Wageni wangu wa Denmark, mume na mke, chumba cha juu, siku tano, walipaswa kufika saa nane. Saa tisa hawajafika. Saa kumi nikaenda stesheni. Hakuna. Narudi, nasikia kicheko barazani kwa Teresio. Natazama. Wadenmark wangu! Wamevua viatu! Wanakula dagaa wa chumvi wa Teresio kwa vidole, wamekunjua nguo kwenye kabati zake!

Nikauliza kwa ustaarabu wanafanya nini pale. Mume akanionyesha karatasi yangu mwenyewe niliyowatumia: nyumba nyekundu, gatini, huwezi kuikosa. Na kweli hawakuikosa. Nyumba nyekundu ilikuwa imekauka tangu asubuhi, inang'aa, na Teresio kasimama mlangoni akiwafungulia kama malaika.

Teresio akasema yeye hakuwaita. Wametafuta nyekundu, wakaona nyekundu, wakaingia. Angewafukuza? Wageni ni wageni. Nikamwambia awatoe. Mke wa Kidenmark akasema godoro la hapa ni zuri. Nimeduwaa mpaka dagaa wakaisha.

Nimejifunza kitu leo, nacho ni hiki: wageni hawana akili. Nimebandika kibao: NYUMBA NYEKUNDU SASA NI HII YA NJANO. Nicla amekisoma mara mbili. Kisha akaniuliza tena, nina hakika Dria anajua. Nikamwambia nimeshughulikia. Mwanamke akishika neno ni kama kupe.


Ijumaa, 12 Septemba

Nyumba imekamilika. Nimekwenda mwisho wa gati kuitazama. Nikatazama tena. Ni njano ya kiini cha yai la kuku wa kijijini. Inaumiza macho. Bibi Zita, mjane anayeuza nyuzi kwenye nyumba ya mwisho kabisa, ile ya kijivu, amesema sasa anaweza kushona jioni bila kuwasha taa. Nimechukulia kuwa ni sifa.

Bi Fulvia amewasili siku mbili kabla. Kwa nani? Kwa Teresio! Alishika chumba tangu masika. Lakini alipopita mbele ya nyumba yangu alisimama, akavua miwani, akairudisha, akasema rangi hii asubuhi, kutokea baharini, itakuwa ya ajabu. KUTOKEA BAHARINI. Nimeandika kwa herufi kubwa ili nisisahau.

Nimempigia simu Dria. Ameongea dakika kumi na mbili juu ya mtoto: ana nywele, ana mapafu, anafanana na yeye. Zote kwa gharama yangu. Mwisho nikapata nafasi, nikamwambia samaki wa mwaka huu awe wa urefu wa benchi la kanisa. Akasema shimo la baba halijawahi kumtupa. Kesho atashuka treni, atalala ndani ya mashua pale chini ya stesheni, alfajiri atoke. Gatini hatapita kabisa.

Ya rangi sikumwambia. Ningetaja rangi angeanza kuuliza rangi gani, kwa nini, bei gani. Simu ni yangu.


Jumamosi, 13 Septemba

Nimetandika meza ya watu kumi na wanne. Vitambaa vya mama. Nimefukuza paka wangu kutoka kizingiti cha Teresio mara nne na kumweka kwangu. Hakai. Nimempaka siagi miguuni, ailambe akae.

Kiti cha Bi Fulvia nimekiweka kinachotazama dirisha, ili akiinua uso aone njano inavyoakisi kwenye maji. Cha Teresio nimekiweka karibu na choo.


Jumapili, 14 Septemba, sikukuu

Andika, Ampelio. Andika kwa utaratibu.

Saa tatu kamili watu wote wako gatini. Bikira amekwishateremshwa ngazi za kanisa, Padri Gaudenzio kavaa joho la dhahabu, bendi inapiga. Mashua zinaingia moja moja. Samaki wa kawaida, samaki wa kawaida, pweza mmoja mwenye haya. Mimi nimesimama mbele, suti ya harusi, nimejiandalia uso wa unyenyekevu.

Halafu mashua ya Dria inaonekana. Na ndani yake, Mungu wangu, dentice! Sijaona wa namna ile tangu baba. Mkia umetoka nje ya mashua! Watu wakapiga makofi. Mimi nikaanza kulia kidogo, nikamsogelea Bi Fulvia ili nilie karibu naye.

Lakini nyuma ya Dria, kamba imefungwa asije akatoroka, kuna mashua ya Oreste, mkwe wa Teresio. Na Oreste amesimama. Na amepauka kama karatasi. Akaruka gatini kabla mashua haijagusa. Akasema, wala hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi:

"Nimemkuta amekaa juu ya shimo letu."

Bendi ilinyamaza. Tarumbeta moja tu ikaendelea kidogo, nayo ikaona aibu.

Niwaeleze nini wasiojua? Hapa Portavena mtu akimpiga kaka yake, ni hasira. Akikimbia na mke wa jirani, watu husema walikuwa wanapendana. Lakini kutia nanga juu ya shimo la mwenzako! Hakuna jina. Wazee walivua kofia kama mazishini. Bibi Zita alijifunika uso na shali. Nicla alinishika mkono, akaufinya mpaka pete ikaniingia.

Teresio akamtazama Dria, akanitazama mimi. Akasema sasa ameelewa kwa nini Ampelio aliitaka rangi yake. Kwanza njano, kesho shimo, keshokutwa kitanda. Watu wakaguna. Mimi! Mwizi! Mimi niliyemwuzia ndoo zangu mwenyewe!

Dria masikini alikuwa anageukageuka kama mtu aliyeamshwa. Aliapa kwa mjukuu wake kwamba alikuwa juu ya shimo letu. Alama zote zilikuwa sawa. Ukungu ulikuwepo, ndiyo, lakini alama aliziona. Padri akasema samaki wa wizi hawekwi miguuni pa Bikira. Mtu mmoja nyuma akasema mashua ya namna hiyo huchomwa. Mwingine akauliza nani ana kiberiti.

Hapo damu ya baba ilinipanda. Nilipanda ngazi ya kanisa. Nikasema kwamba ukoo wa Bozzo haujawahi kuiba hata dagaa, na kama ni hesabu, hesabu nitawapa. Nikawapa! Nikawaambia Dria, kama miaka yote, ametafuta mnara wa kengele juu ya kona ya nyumba nyekundu. Na jiwe jeupe la Corva liguse kibanda cha forodha. Hizo ndizo alama zetu. Lakini wiki hii nyumba nyekundu imehama, nayo imehamia kwa Teresio! Kwa hiyo mnara aliuweka juu ya kona ya Teresio, hatua kadhaa upande wa mashariki, na huko nje hatua hizo zinakuwa mita mia mbili. Si wizi. Ni rangi! Nilichora hewani kwa kidole, mstari huu, na mstari huu, zinapokutana, hapa sisi. Na hapa, wao. Mtoto mdogo angeelewa.

Wote walielewa. Gati zima lilinyamaza. Ukimya mzuri, mzito, wa watu wanaohesabu.

Padri Gaudenzio, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, alikuwa wa kwanza kusema. Akasema Dria hana hatia, rangi ndiyo yenye hatia, samaki ni wa Bikira, na chakula cha mchana kitakuwa kwake yeye, padri, ili yaishe. Akasema haraka haraka, macho yake yakiwa kwenye rasi ya Corva.

Nimeshinda! Nimesafisha jina! Nikashuka ngazi huku watu wananipa mikono, hata wasionisalimu. Watatu wamening'ang'aniza kahawa. Mmoja aliniomba nirudie tu ile ya jiwe, amependa nilivyoieleza.

Teresio peke yake hakunipa mkono. Alikuwa ameketi juu ya gogo la kufungia kamba, mzee ghafla. Nikamwambia yamekwisha, jirani, sina kinyongo. Akaniambia:

"Ampelio, baba yangu alinyamaza maisha yake yote kwa ajili ya shimo lile. Padri alimuuliza akiwa kitandani anakufa, hakumwambia."

Nikasema Mungu amrehemu. Sikuelewa kwa nini ananihadithia.


Jioni, siku hiyohiyo

Nimeelewa.

Nicla alinieleza jikoni, polepole, akisafisha sahani kumi na nne ambazo hakuna aliyezitumia. Alisema, Ampelio, leo umesema nini pale juu? Nikarudia. Nilipofika kwenye jiwe jeupe nikakaa chini. Sikukaa kwenye kiti.

Dria alikuja kuchukua viatu vyake. Nikamwuliza inakuwaje mvuvi wa umri wake asijue nyumba ya dada yake. Akanitazama kama natania.

"Shemeji, nimetafuta nyekundu, nikaona nyekundu. Ulitaka niiulize nyumba jina lake?"

Sentensi hiyo nimewahi kuisikia mahali. Sikumbuki wapi.


Jumatatu, 15 Septemba

Nilifungua dirisha alfajiri.

Mashua zote za Portavena. ZOTE. Hata ya Padri, ambaye husema anaumwa mgongo. Makundi mawili, moja juu ya shimo la baba, moja juu ya shimo la Maggiolo, zimebanana kama viatu mlangoni pa msikiti wa mjini. Unaweza kuvuka kwa miguu. Nilisikia nyuzi zinavyokatana, na watu wanaombana radhi kwa adabu kubwa. Niliwaona wakivuta. Wekundu, wekundu, wekundu. Samaki aliowaacha baba kwa ajili ya wajukuu wangu, wanatoka kama mkate tanurini.

Baba, nisamehe. Nilikuwa natapika ulipokuwa unanifundisha kunyamaza. Nilishika alama tu.

Dria hakutoka. Alikaa barazani kwetu na Oreste. Hawakusalimiana, lakini walitazama upande mmoja, na Nicla akawapa kahawa kwenye birika moja.

Saa nne Bi Fulvia akarudi gatini. Alikuwa amekwenda kwa mashua ya mtu fulani kupiga picha za msongamano. Akanitafuta mimi! Akasema amepata picha ya maisha yake. Akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Nikasahau samaki. Nikasahau baba.

Nyumba yangu! Imejaa jua, njano inawaka, bahari chini, mashua mbili zikiichungulia kama zinaiabudu, na paka mweupe kizingitini. Kizingitini kwangu! Siagi imefanya kazi! Nikauliza ni ya mwezi gani. Akasema Agosti. Hana hata la kufikiri.

Agosti!

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia na fundi wa nyavu aliyekuwa anapita. Nikamwita Nicla atazame. Nicla akafuta mikono, akatazama. Akatazama muda mrefu. Akauliza picha ilipigwa mashua ikiwa imesimama wapi. Bi Fulvia akasema palepale walipojazana, kundi la kwanza. Akaeleza kwamba kilichompendeza ni jinsi mnara wa kengele ulivyokaa sawasawa juu ya kona ya nyumba, kama umewekwa na mkono.

Nikatazama tena. Ulikuwa umekaa sawasawa juu ya kona ya nyumba.

Agosti nzima. Siku thelathini na moja. Torino mpaka Milano, na kila mwenye mashua kati ya hapa na Ufaransa, wataiona alama ya baba juu ya meza ya kahawa, kwa rangi.

Nikajipa moyo. Nikamwambia Nicla bado mstari mmoja, mstari mmoja haumpeleki mtu popote, inahitajika miwili. Bi Fulvia akafurahi kwamba napenda upigaji picha. Akabonyeza kitufe, akanionyesha na ya Septemba. Ameipiga bila kusogea, amegeuka tu. Jiwe jeupe la kupendeza, limegusa kibanda cha zamani cha forodha.


Jumanne, 16 Septemba

Sikulala, lakini nimekesha kwa faida.

Kalenda inatoka Novemba. Itakapotoka, watakaokuja kutoka nje watatafuta nyumba ya njano. Sawa. Nani amesema nyumba ya njano lazima iwe hii? Nimekwenda manispaa kabla hawajafungua. Kijani cha bahari hakina mwenyewe. Nimekisaini. Halafu nikapita kwa Bibi Zita, nyumba ya mwisho wa gati, nikamwambia namwonea huruma na kijivu chake, na kwamba mimi, kwa moyo wangu, nitampakia nyumba yake rangi bure. Njano. Ameshangaa mpaka akadondosha sindano. Kila atakayeweka mnara juu ya kona ya Bibi Zita atatia nanga juu ya bomba la majitaka. Nimepiga hesabu mara tatu. Na wa hapa hapa wamezoea kutazama rangi, si kufikiri. Wiki mbili watakuwa wanavua matambara, na shimo la baba litapumua.

Mafundi wanaanza Alhamisi. Wamenipunguzia bei kwa kuwa wananijua.

Dria ameondoka tena kwenda Savona, safari hii ni ubatizo. Atarudi wiki ijayo kwa treni ya mwisho na kuingia baharini moja kwa moja. Nicla ameuliza kama nimemwambia. Nimemwambia nimeshughulikia.

Yeye ni mvuvi, si mpaka rangi.